Bwana Sawa na Mtandao wa Vifurushi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeingia rasmi chumba cha mitambo. Kwaheri mizigo! Wenzangu wa sakafu ya vifurushi waendelee kuvunjika viuno, mimi sasa nakalia kiti cha kuzunguka. Nimekizungusha asubuhi nzima. Kinalia kidogo, lakini kiti ni kiti.

Sababu ya kupandishwa: nilimfufulia Mama Meneja simu yake. Nilichofanya ni kuizima na kuiwasha. Sikumwambia hivyo. Nilikunja uso, nikavuta pumzi kama daktari, nikamrudishia kwa mikono miwili. Akasema mwanangu una kipaji. Nikamjibu ndiyo mama, nimezaliwa nacho.

Humu ndani kuna mkubwa wangu, fundi wa mtandao, mwanamke wa miwani minene. Namwita Bi Nyaya. Si mbele yake. Amesoma chuo miaka chungu nzima, na kila waya ameufunga kikaratasi chenye jina, utadhani watoto wa chekechea siku ya kwanza. Mimi niliachana na shule kidato cha pili, au shule iliachana na mimi, tusibishane. Leo tuko chumba kimoja, feni moja. Nani kapoteza muda wake?

Habari kubwa ni programu mpya. Mpaka wiki iliyopita Bi Nyaya akitaka jambo kwenye mtandao huu, aliingia kwenye swichi moja baada ya nyingine, vile visanduku vinavyogawa mtandao, akaandika amri ndefu ndefu zisizosomeka. Sasa hakuna tena. Unaandika unachotaka, kwa maneno ya kawaida kabisa. Yaani lengo. Kwa mfano: printa za stika zisikatike. Programu inajibu "Sawa", inatafuta yenyewe namna ya kuzipanga swichi zote, inakuonyesha muhtasari wa itakachofanya, nawe unabonyeza Thibitisha. Imekwisha hiyo. Nimeipa jina Bwana Sawa. Ni mfanyakazi mzuri kuliko wote hapa kwa sababu hajawahi kunikatalia.

Mchana Mama Meneja alituita akasema bila kuzunguka. Mtandao unajiendesha, kwa hiyo chumba kinahitaji mtu mmoja, si wawili. Ijumaa wenye kampuni watatutazama kwa video, huko huko waliko, waone vifurushi vinavyokwenda. Baada ya hapo ataamua nani abaki. Akibaki Bi Nyaya, mimi narudi kwenye mizigo. Nikibaki mimi, Bi Nyaya anakwenda kutafuta nyaya nyingine za kuzipa majina.

Tulipotoka Bi Nyaya akasema atanifundisha hata hivyo. Anajikosha! Somo lenyewe: nisome muhtasari kabla ya kubonyeza. Nilifungua muhtasari mmoja. Mrefu kuliko hotuba ya mahafali. Nikaufunga.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ushindi. Nimeandika lengo langu la kwanza: Mama Meneja apewe njia yake mwenyewe, pana, asikatikiwe video hata siku moja. Bwana Sawa akasema sawa. Nikathibitisha. Mama Meneja akaongea na wenye kampuni mpaka sauti ikamkauka, uso wake haukuganda hata mara moja. Alipita mlangoni akanipa soda. Bi Nyaya hakupewa. Niliinywa taratibu, upande wake.

Soda ile ilikuwa na mdomo. Kabla ya mchana kampuni nzima inajua kwamba njia pana zinagawiwa chumba cha mitambo, na anayegawa ni mimi.

Wa kwanza kuja alikuwa Mhasibu. Mama mtu mzima, anayetembea na mto wake wa kukalia. Alisema kompyuta yake inakwenda kama ina mimba. Nikamwahidi njia yake mwenyewe, pana, isiyoguswa na mtu. Akaniita mume wangu. Akaja Nyapara wa sakafu, yule yule aliyekuwa akinifokea nibebe mawili mawili. Leo ananiita bosi! Anataka kutazama mpira wakati wa mapumziko bila kukwama. Nilimwacha asimame kidogo, nikajifanya natafuta kitu kwenye droo. Halafu nikamwahidi. Mwisho akaja Babu Geti, mlinzi wetu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akanieleza kwamba kompyuta ya kuandikisha malori kule getini inaweza kuonyesha mieleka, ila inaonyesha nusu nusu: mtu ananyanyuliwa leo, anaangushwa kesho. Nikamwahidi naye.

Bi Nyaya akanong'ona kwamba mtandao una upana wake, na upana ukigawiwa unakwisha. Nikamwambia hayo ni mawazo ya zamani, enzi za amri.

Nyumbani nilimsimulia dada. Dada yangu ni msusi, ninalala sebuleni kwake. Akauliza, kama wateja wote wameahidiwa kuwa wa kwanza, anasukwa nani kwanza? Nikamwambia mtandao si vichwa. Watu wengine wakishika kitana wanadhani wameshika dunia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Bwana Sawa amenishangaza. Niliandika ahadi zote, ya Mhasibu, ya Nyapara, ya Babu Geti, na nyingine tatu za watu wa ghala, moja moja, kila mtu njia yake pana isiyoguswa. Nikabonyeza. Badala ya kusema sawa, akasema malengo haya yanagongana. Upana hautoshi wote. Akauliza: nani atangulie?

Swali la hatari hilo. Nikimweka Mhasibu nyuma ya Nyapara, Mhasibu hatanisahau mpaka astaafu. Nikimweka Nyapara nyuma ya Mhasibu, na nikirudi sakafuni, mungu wangu. Bi Nyaya, bila kuulizwa, alisema nijiulize kampuni inaishi kwa nini, halafu hicho ndicho kitangulie. Kampuni inaishi kwa mimi kutorudi kwenye mizigo, nilitaka kumwambia.

Nikawaza. Hivi watu wote duniani huwa wanakubaliana nini? Mkubwa kwanza. Mkubwa ndiye anayeamkiwa, mkubwa ndiye anayepishwa kiti. Nani atalalamika? Nikaandika: tangulia kwa umri, mkubwa kwanza. Akili nyingine, hata mimi mwenyewe huwa zinanishtua.

Bwana Sawa akasema sawa, akaomba umri wa kila kilichounganishwa.

Nikazunguka kampuni nzima nikiuliza watu umri. Babu Geti: sitini na saba, na akataka nihesabu na wa pacha wake. Mhasibu: hamsini na nane, akanionyesha magoti kama ushahidi. Nyapara: arobaini na sita. Mama Meneja alinitazama muda, akajipangusa kitu begani, akasema thelathini na tisa. Dada wa mapokezi alikuwa karibu, akakohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Bi Nyaya alisema thelathini na tatu bila kuinua macho. Mimi kumi na tisa.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe Bwana Sawa ni msumbufu. Kila kilichounganishwa, anasema. Umri wa skana za kusomea stika za vifurushi? Tulizinunua mwaka jana, nikaandika mmoja. Umri wa printa za stika? Miwili. Kamera, mitatu. Halafu mizani kubwa ya sakafuni, ile ya chuma, ambayo Bi Nyaya aliiunganisha kwenye mtandao ili ipeleke uzito yenyewe. Nikaenda kuinama chini yake. Kuna kibati cha kiwanda, nikakisugua kwa mate, nikapiga hesabu: arobaini na minne. Nikaandika.

Muhtasari ukaja. Kurasa kwa kurasa. Nilisoma mstari wa kwanza, unamtaja Babu Geti, nikaridhika kwamba heshima imezingatiwa. Bwana Sawa akauliza uanze kutumika lini. Nikasema Ijumaa, kazi ikifunguliwa, ili wenye kampuni waone mambo yakibadilika mbele ya macho yao.

Thibitisha!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sitaki Bi Nyaya aniharibie. Nimeandika lengo moja dogo zaidi, hili lianze leo leo: mtu yeyote asibadilishe malengo ila mimi, kwa kompyuta yoyote nitakayoitumia. Sawa, akasema Bwana Sawa. Huyu angekuwa mtu ningemwozesha dada.

Haikupita saa, Bi Nyaya akajaribu kuingia. Akakataliwa. Akajaribu tena. Akavua miwani, akaifuta, akajaribu mara ya tatu, kana kwamba kilichomzuia ni vumbi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini nimefanya nini. Nikatoa macho makubwa ya mtoto mchanga. Akataka aone muhtasari wa kesho. Nikamwambia kesho ataona yenyewe.

Alikwenda kwa Mama Meneja. Nilishatangulia mimi. Nilikuwa nimemweleza Mama, kwa huzuni, jinsi kijicho kinavyoweza kumharibu mtu msomi. Kwa hiyo Mama akamwambia amwache kijana mpaka Ijumaa, kwani tangu kijana aingie video hazijaganda. Bi Nyaya akarudi, akakaa, akaanza kukunja waya mmoja wa akiba. Akaukunja vizuri sana, akaufunga. Karibu nimhurumie. Kisha nikakumbuka gunia la vipuri nililolibeba mwezi uliopita, nikaacha.

Jioni nimenyoosha shati. Dada ameuliza kama nimehakikisha kila kitu. Nimemuuliza kama yeye huwa anahakikisha kila unywele.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Naandika nikiwa nimejifungia chooni kwa dada. Amegonga mara kadhaa, anadhani naumwa tumbo.

Asubuhi ilianza kwa heshima. Kengele ikalia, mkanda ukaanza kutembea, vifurushi vikapanda. Wenye kampuni wakatokea kwenye skrini kubwa ya ofisi ya Mama Meneja, watatu, mmoja mwenye kipara kinachong'aa mpaka huku. Mama akasema karibuni sana, leo mtajionea wenyewe. Akaganda. Mdomo wazi, mkono juu, jicho moja limefumbwa. Kwa upande wao, maana sisi tulikuwa tunamwona anaendelea kuongea peke yake.

Wakati huo huo sakafu ikanyamaza. Skana zinaelekezwa kwenye stika, zinalia tii, halafu hakuna. Zinasubiri. Kifurushi kisichosomwa hakiendi popote, kwa hiyo vikaanza kurundikana mwisho wa mkanda, vikapanda mlima, mlima ukaporomoka. Boksi la vioo lilisikika vizuri. Malori yako nje yanawaka, madereva wanapiga honi.

Nyapara hakuwepo. Yuko kantini anatazama mechi ya jana, safi, haikwami hata kidogo. Mhasibu katoka ofisini kwake kusema kwamba kompyuta yake leo inapaa.

Ndipo Bi Nyaya akanieleza, akisoma taa za swichi tu, kwa sababu kingine nimemfungia. Njia pana zimegawiwa mpaka zikaisha. Amepewa Babu Geti. Amepewa Mhasibu. Amepewa Nyapara. Njia pana ya mwisho imepewa mizani.

Mizani! Haina hata kifurushi juu yake. Imepewa barabara nzima, na inachopeleka ni sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, kwa heshima zote za mtu mzima. Mama Meneja, mwenye thelathini na tisa, kaja baada ya mizani, kakuta pamekwisha. Watu wa ghala hawakuambulia kitu. Na skana, zenye mwaka mmoja, ziko mwisho kabisa wa foleni, nyuma yangu, kama watoto wachanga.

Nikakimbilia kompyuta yangu nibadilishe. Kumi na tisa! Mdogo kuliko watu wote wa kampuni. Ukurasa ulikuwa unafunguka kwa mtindo wa kobe mgonjwa, mstari mmoja, halafu anapumzika. Anayeruhusiwa kubadilisha ni mimi tu, na mimi sina njia. Bi Nyaya alinyoosha kidole dirishani, kuelekea getini.

Nikakimbia. Babu Geti alikuwa amekaa mbele ya mieleka, kaweka miguu juu ya kitabu cha malori, anatabasamu. Nikampa shikamoo ya haraka, nikamwomba anipishe kwenye kiti.

"Raundi hii iishe, mjukuu wangu."

"Babu, kampuni inakufa."

"Si ulisema njia hii ni yangu, haiguswi na mtu?"

"Nilisema, babu."

"Basi ngoja. Huyu mnene karibu anaanguka."

Nikangoja. Sijawahi kumchukia mtu mnene hivyo. Hakuanguka, alishinda, ikabidi Babu asimulie kwa nini. Alipoinuka Bi Nyaya alikuwa ameshafika, anahema, miwani mkononi. Nikakaa, nikafungua, Bwana Sawa akaja papo hapo akiuliza lengo langu ni nini. Nikaandika Mama Meneja kwanza. Bi Nyaya akasema futa. Nikaandika mizani mwisho. Akasema futa hiyo pia.

"Kampuni hii inafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Kukaa na wakubwa vizuri."

"Mdogo wangu, tazama nje. Wale madereva wanasubiri nini?"

"Vifurushi."

"Andika hivyo basi."

Nikaandika anavyoniambia: kila kifurushi kikifika kisomwe mara moja, chochote kingine kigawane kinachobaki. Na wa kubadilisha malengo awe fundi wa mtandao. Muhtasari ulipotokea nilinyoosha kidole nibonyeze, akanishika mkono, akausoma wote, mpaka mwisho, honi zikilia. Ndipo akaniachia. Tii, tii, tii, tukazisikia skana kutoka kule getini. Mkanda ukaanza kutembea. Mieleka ya Babu ikaganda, mtu yuko hewani.

Hapo ningeweza kunyamaza. Bi Nyaya mwenyewe alisema njiani kwamba atamweleza Mama kuwa ulikuwa mpangilio mpya, umerekebishwa, na kwamba kijana anafundishika. Kweli alisema hivyo, na pengine ningebaki.

Lakini tulipoingia ofisini wenye kampuni walikuwa wamerudi kwenye skrini, na Mama Meneja akanigeukia mbele yao akataka kujua ni nani aliyempangia mizani mbele yake. Alisema hivyo kana kwamba kosa ni langu. Nilionewa. Nikajitetea.

"Mama, kama ungetaja umri wako wa kweli, ungeishinda mizani."

Mama Meneja akajipangusa kitu begani. Hata feni nadhani ilisikiliza.

Yule wa kipara akasogea karibu na kamera. Akauliza kwa upole mizani ina miaka mingapi. Nikasema arobaini na minne. Na Meneja je? Nikasema thelathini na tisa, alinitajia mwenyewe, nimeandika. Akajishika kipara.

"Mimi na yeye tulimaliza shule mwaka mmoja," akasema. "Mimi nina hamsini na moja."

Wakacheka wote watatu. Siku zote video ziligandaganda, leo kicheko kikaja chote, hakikukatika hata kidogo. Mama Meneja hakucheka. Alinitazama, akauliza kama glavu zangu za mizigo bado ziko kabatini.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mgongo. Sina zaidi la kusema juu ya mgongo.

Bi Nyaya kabaki chumba cha mitambo peke yake, na mshahara umepandishwa. Nimepita mara mbili na toroli, nikatupa jicho ndani. Amekifunga kikaratasi hata kile kiti cha kuzunguka. Mtandao unakwenda vizuri, lakini unakwenda kwa lengo nililoandika mimi, kwa vidole vyangu hivi. Nani anataja? Hakuna.

Nimelitafakari sana jambo hili nikiwa chini ya maboksi. Mpango wangu haukuwa na kasoro. Kasoro ni watu. Mama alidanganya umri, Babu hakupisha kiti, na Bwana Sawa, ambaye nilimwamini, alishindwa kuelewa kwamba mizani si mtu. Dada anasema labda ningesoma muhtasari. Dada asuke.

Heri moja imetokea. Nyapara hawezi kupanga zamu za wapakizi. Kila wiki ni kelele, huyu kaonewa, yule kapendelewa. Leo nikamwambia anikabidhi mimi, nina uzoefu wa kupanga mambo kwa malengo. Alikuwa amechoka, akanikabidhi, akasema tu niwe makini kwa sababu Jumamosi hii wenye kampuni wanakuja wenyewe, kwa miguu yao, kuona mizigo inavyopakiwa.

Nimeimaliza kazi hiyo kabla ya chai. Nimemfuata kila mpakizi peke yake, pembeni, nikamuuliza anataka nini. Ajabu, wote wanataka kitu kimoja, kwa hiyo safari hii hakuna kilichogongana. Nimewapa wote Jumamosi wapumzike. Wamenibeba juu juu wakaniita bosi. Nyapara kaniuliza kutoka mbali kama kila kitu kiko sawa, nikamnyooshea dole gumba.